Rudisha Vyombo

Goheung, 6 Machi 2018

Narae mwanangu,

Hujambo huko Seoul? Unalala? Unakula? Sisi wazima, ila baba yako kiuno kinamsumbua kwa sababu amepanda ngazi mara tatu kunyoosha bango lako.

Naanza na bango maana najua hutauliza. Bwana Cheon, mkuu wa mtaa, amelitundika pale njia panda ya soko, kati ya duka la mbolea na kinyozi, hakuna anayepita asilione. Herufi za buluu, kubwa kama beseni: HONGERA! PYO NARAE, BINTI WA KINU CHA MCHELE CHA GIL MALSUN, AMEINGIA MAFUNZO YA UBINGWA WA UPASUAJI. Baba yako ananung'unika kwamba jina lake halimo. Nimemwambia atafute mtoto mwingine amwandikie.

Siku ya gulio wanawake walikuja kusagisha unga, kila mmoja anaingia na yake. "Mama Narae, sasa utatutambua kweli?" "Mama Narae, nina uvimbe hapa, mwanao atanikata bure?" Nimewajibu wote vibaya, lakini kwa furaha.

Umesema nisikupigie simu maana simu ya hospitali inakulilia mchana kutwa na ukisikia mlio wowote moyo unaruka. Sawa. Nitakuandikia, na barua nitaiweka juu ya kimchi, ndani ya mfuko. Humu kuna kimchi ya figili zilizochachushwa kwa pilipili, dagaa wa kukaanga na asali, na majani ya ufuta kwenye sosi ya soya. Ukimaliza kula, osha vyombo, nirudishie na barua ndani. Chenye kifuniko cha kijani nilipewa na marehemu bibi yako. Kikipotea na wewe potea.

Mama yako

*

Seoul, 28 Machi 2018

Mama mpenzi,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yangu, mwambie kiuno chake ni muhimu kuliko bango. Mimi sijambo. Dagaa tuliwala madaktari sita tumesimama, kwa mikono, na mmoja wao alilia. Ninarudisha vyombo vitatu, cha kijani kimo.

Leo ni siku yangu ya ishirini na nane hapa ndani. Wanaoanza upasuaji hukaa siku mia bila kutoka hospitalini. Haikuandikwa popote. Tunalala chumba cha zamu, vitanda vya ghorofa, na shuka ni la aliyetoka kuamka. Nikiuliza kwa nini siku mia, wakubwa wananiambia, "Sisi tulimaliza, na nyinyi mtamaliza." Basi, hilo ndilo jibu.

Nikuambie kichekesho. Serikali imeweka sheria: daktari wa mafunzo asipitishe saa themanini kwa wiki. Ukizifikisha, kompyuta inalifunga jina lako, huwezi kuandika dawa wala kuagiza kipimo. Wiki iliyopita ilinifunga Ijumaa saa nne asubuhi. Nikavua koti nikicheka peke yangu. Kaka Gibeom, aliyenitangulia miaka mitatu, akaniuliza:

"We, unakwenda wapi?"

"Kulala, kaka. Mashine imenifunga."

"Imefunga jina lako. Mikono yako imefungwa? Ingia kwa jina la Doun."

Ha Doun tulianza naye siku moja. Mpole, mrefu, anagonga kichwa kila mlango. Jina lake lilikuwa bado lina saa. Wiki ijayo yeye atatumia langu. Tunaazimana majina kama watu wanavyoazimana miavuli. Kwenye karatasi, Mama, mimi ndiye mtu anayelala vizuri kuliko wote nchini Korea.

Nikifunga macho naona namba za vitanda. Lakini usijali, nitazoea.

Mwanao Narae

*

Goheung, 11 Aprili 2018

Narae mwanangu,

Marahaba. Vyombo nimevipata, ila hukuviosha, umevisuuza tu. Ningekuwa karibu ungenisikia.

Unaendeleaje? Mwandiko wako umelala upande kama mpunga uliopigwa na mvua. Vumilia, mwanangu. Mimi kabla ya sikukuu ya mavuno nasimama kwenye kinu siku mbili mfululizo, miguu inavimba mpaka viatu vya baba yako vinanibana, na sijafa. Hiyo habari ya majina sikuielewa vizuri, lakini wakubwa wako wanajua wanachofanya, wamesoma.

Nimehesabu kwenye kalenda. Siku yako ya mia ni tarehe nane Juni. Mtoto mchanga akifikisha siku mia tunampikia keki nyeupe za mchele, tunagawa nyumba mia ili aishi maisha marefu. Wewe nilikugawia nyumba mia na nne, mpaka kwa yule mwanamke wa duka la mbolea ambaye sasa sisemi naye. Tarehe nane nitapika tena na kuleta huko. Utagawa wodi nzima.

Bango linang'aa. Mvua imelipiga lakini rangi haijatoka.

Mama yako

*

Goheung, 3 Mei 2018

Narae,

Uko hai?

Kifurushi cha tarehe ishirini kimerudi. Nilidhani umerudisha vyombo vitupu, nikafurahi. Nimefungua, vyote vimejaa. Hujagusa hata kimoja. Kimchi imevimba ikasukuma kifuniko, maji yamemwagikia majani ya ufuta, na mleta vifurushi amenitukana mbele ya wateja kwamba gari lake zima linanuka. Barua hakuna. Hata karatasi yenye neno moja hakuna.

Tangu uzaliwe hujawahi kukataa dagaa wangu. Ulikuwa na surua ukala. Ulishindwa mtihani wa kwanza wa chuo ukala huku unalia.

Nimepiga simu mara tisa, najua umenikataza. Baba yako amekaa nje ya kinu anangoja mleta barua. Andika, hata kama ni matusi.

Mama yako

*

Seoul, 9 Mei 2018

Mama,

Shikamoo. Nisamehe. Sikuwa na nguvu ya kufungua kifuniko, na hiyo si ya kutia chumvi. Nilikaa mbele ya vile vyombo, nikavirudisha kwenye boksi.

Nitakuambia yote, soma ukiwa umekaa.

Tarehe ishirini na nne Aprili, saa nane mchana, nilikuwa macho kwa saa ya thelathini na nne. Jua lilikuwa linaingia wodini vizuri tu. Kuna mgonjwa anaitwa Mzee Bong, tulimkata utumbo wiki ile, alikuwa akiendesha winchi bandarini Incheon mpaka alipostaafu. Ana sukari. Nilitakiwa kumwandikia insulini vipimo vinne. Niliandika arobaini.

Muuguzi Seo anasema aliniuliza, "Daktari, arobaini kweli?" Anasema aliniuliza mara mbili, na mara mbili nilijibu ndiyo. Simkatalii. Lakini mimi sikumbuki hata mara moja, Mama. Nilikuwa nimesimama, macho wazi, ninajibu, na sikuwepo.

Sukari ilishuka, Mzee Bong akashikwa na degedege. Alikaa siku sita chumba cha mahututi. Hakufa. Sasa anaongea, polepole, na mkono wa kushoto unatetemeka.

Sasa sikiliza. Siku ile mashine ilikuwa imenifunga tangu asubuhi. Dawa niliiandika kwa jina la Doun. Na Doun hakuwepo hata Seoul, alikuwa kwao Jeonju kwenye tambiko la kumbukumbu ya bibi yake. Profesa Myeong, mkuu wetu wa idara, alituita wawili ofisini. Hakupaza sauti. Akasema, "Rekodi inaonyesha ni Ha Doun. Rekodi ndiyo rekodi." Doun akasema, "Profesa, mimi nilikuwa Jeonju." Profesa akamjibu, "Ukisema ulikuwa Jeonju, wataanza kuuliza nani mwingine alikuwa wapi, na idara hii itafungwa. Unataka kuifunga idara?"

Doun hakutaka. Ataitwa kwenye kikao cha nidhamu tarehe nane Juni, wanasema ataondolewa. Mimi nimeambiwa nirudi wodini. Kwa rekodi, saa ile nilikuwa nimelala.

Na nikuambie la aibu kuliko yote. Nilipotoka ofisini mle, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni nafuu.

Narae

*

Goheung, 12 Mei 2018

Narae mwanangu,

Nimesoma nikiwa nimekaa kama ulivyosema, kisha nikasimama, kisha nikakaa tena.

Mzee mwenyewe yuko hai? Basi tushukuru. Sasa nisikilize mimi niliyekuzaa. Nyamaza. Jina lako halipo. Wewe hukuomba lisiwepo, wakubwa wako ndio waliopanga hivyo. Ukisema, utapoteza kila kitu, na huyo Profesa atabaki kwenye kiti chake anakunywa chai. Miaka kumi na moja umesoma. Baba yako aliuza ng'ombe wote. Bwana Cheon kila akipita njia panda anainamisha kichwa mbele ya bango kama ni mtu.

Huyo kijana mwenzio atapona, wanaume huanza upya. Naomba tu usiniandikie habari za mama yake. Sitaki kujua kama ana mama.

Kula. Nimeweka supu ya mwani, iliyogandishwa. Rudisha vyombo.

Mama yako

*

Seoul, 20 Mei 2018

Mama,

Shikamoo. Supu nimekunywa yote. Nilihitaji nguvu ya kukujibu.

Ana mama. Alikuja juzi kutoka Jeonju na basi la asubuhi. Mfupi, nywele amezisokota kama zako, koti la kwenda harusini. Alibeba boksi la machungwa na mfuko wa vyombo vya plastiki, vifuniko vya rangi rangi. Alikuja kuomba radhi kwa familia ya Mzee Bong. Alipiga magoti kwenye sakafu ya korido, mbele ya mlango wa wodi, paji la uso chini, watu wanapita na vitanda. Mke wa Mzee Bong akamwambia, "Umemlea vipi huyo mtoto wako?" Akajibu, "Nimekosea, mama. Nimekosea kumlea."

Mama, huyo mwanamke siku ile alikuwa sebuleni kwake na mwanawe. Doun alikuwa anamenya mapeasi ya kuweka kwenye meza ya tambiko. Alimwona kwa macho yake. Anajua mwanawe hajafanya lolote, na alipiga magoti. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, na faili mkononi. Sikusema kitu.

Baadaye alinikuta kwenye chumba cha zamu akaniuliza kama nimekula. Hakujua mimi ni nani, au alijua. Akanifungulia chombo. Yalikuwa majani ya ufuta.

Nimekula, Mama. Nimekula majani ya ufuta ya mwanamke yule, na sitaweza kula tena kitu chochote nikinyamaza.

Unasema jina langu halipo. Hilo ndilo linaloniuma. Huko nyumbani jina langu limetundikwa kubwa kama beseni, na hapa ninapofanya kazi halipo. Siku tunazozidisha saa hatupo, tukisimama na kisu mkononi hatupo, na siku mtu akiumia wanatafuta jina lolote lililo karibu. Kosa la arobaini ni langu, silipunguzi. Lakini saa ya thelathini na nne waliniwekea wao, na nitasema vyote viwili kwenye kikao tarehe nane.

Kama utakasirika, kasirika. Vyombo nimeviosha kwa sabuni, mara mbili.

Narae

*

Seoul, 2 Juni 2018

Mama,

Shikamoo. Siku kumi na tatu hujajibu. Kifurushi hakijaja. Kumbe wewe ukinyamaza ndivyo inavyokuwa. Nakuandikia hata hivyo.

Jana nilikwenda kwa Mzee Bong. Nilikaa kwenye kiti cha chini karibu na kitanda nikamwambia: aliyekuandikia dawa ile ni mimi. Ha Doun hakuwepo. Nilikuwa macho tangu alfajiri ya siku iliyotangulia.

Mkewe alisimama akanirushia taulo usoni. Halafu akarusha chupa ya maji. Alikuwa na haki, nilikaa. Alipoishiwa vitu vya kurusha akaanza kulia, na mzee akamwambia, "Bibi we, kaa chini, unanitikisia dripu."

Kisha akanigeukia mimi. Maneno yanamtoka moja moja sasa. Akaniuliza, "Ulikuwa macho saa ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Mimi winchi nimeendesha miaka thelathini na moja. Zamu yako ikiisha, msimamizi anapanda juu kukushusha. Hata ulie, hata useme bado una nguvu, unashushwa. Kwa sababu chini kuna watu. Nyinyi nani anawashusha?"

Nikamwambia, hakuna.

"Sikusamehe," akasema. "Mkono huu nilikuwa nauchezea karata. Lakini hicho kikao ni chumba namba ngapi?"

Hiyo ndiyo habari. Zimebaki siku sita. Keki za mchele usihangaike nazo.

Mwanao bado,
Narae

*

Goheung, 5 Juni 2018

Narae mwanangu,

Marahaba. Marahaba kwa zote nilizokunyima.

Nilikukasirikia sana. Barua yako ya tarehe ishirini niliikunja nikaitupa kwenye pipa la pumba. Baba yako aliitoa, akaikung'uta, akaisoma, akaenda kukaa chini ya bango mpaka kinyozi akamletea stuli. Aliporudi aliniambia kitu kimoja tu: "Mwambie habari ya kidole."

Basi nakuambia. Kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia, unakijua kimekatika nchani. Nilikuambia ni mlango wa gari. Uliniuliza ukiwa na miaka sita, ukauliza tena ukiwa na miaka kumi na minne, nikakujibu vilevile. Haikuwa mlango wa gari.

Ulikuwa na miaka mitatu, siku tatu kabla ya sikukuu ya mavuno. Nilikuwa nimesimama siku mbili. Ilikuwa asubuhi, saa tatu, jua limejaa kinuni, wateja wamepanga foleni na mabeseni yao. Nilisinzia, Narae. Nimesimama, macho wazi kama ulivyosema wewe, nikiitikia watu. Mwanamke wa mbolea aliniambia, "Mama Narae, mkono wako," nikamwambia ndiyo. Rola ya kinu ikakichukua kidole.

Unga wote tuliutupa. Na unajua nililoona aibu? Si kidole. Niliona aibu kwamba nilisinzia. Nikawaambia watu wote ni mlango wa gari, na yule mwanamke wa mbolea, kwa sababu aliona, nikaacha kusema naye miaka. Kumbe alitaka kuniokoa.

Tangu siku ile ufunguo wa umeme wa kinu anao baba yako. Ikifika saa anayoona yeye imetosha, anazima. Nimemtukana miaka ishirini na tano kwa hilo. Nilipokwambia nasimama siku mbili nilikudanganya, siku hizi hanipi hata moja. Nilitaka tu uone kwamba kuvumilia kunawezekana.

Halafu nikakaa namfikiria mama wa Doun. Mimi nilikificha kidole changu mwenyewe. Yeye ameambiwa aweke mezani kidole kisichokatika. Na mwanangu aliyemwangalia ndiye aliyeona haya, mimi sikuona.

Sema, Narae. Sema kwa sauti uliyokuwa ukinijibia ukiwa kidato cha pili, ile iliyonifanya nitake kukupiga mwiko. Wakikuondoa, kinu kipo, mlango hauna kufuli. Akina Cheon na bango lao niachie mimi.

Keki za mchele nitapika. Umezaliwa mwezi wa tatu hapo hospitalini, hujafika siku mia bado. Zitapanda basi la kwanza tarehe nane.

Mama yako mwenye vidole tisa na nusu

*

Seoul, 10 Juni 2018

Mama,

Shikamoo, wewe na Baba. Mpe mkono kwa niaba yangu, na umwache akuzimie umeme.

Keki zilifika saa nne, bado zina joto. Nilikuwa nakwenda kwenye kikao, dereva wa pikipiki aliyelitoa stendi ya basi akanikabidhi boksi mlangoni, sikuwa na pa kuliweka. Nikaingia nalo. Kwa hiyo kama mtu atakuuliza, mwanao alihukumiwa akiwa amepakata keki za mchele.

Walikuwa watano mezani, Profesa Myeong katikati. Doun alikuwa amesimama, kichwa chini. Nilimwomba anipishe.

"Dawa ile niliandika mimi," nikasema. "Arobaini badala ya nne. Ha Doun alikuwa Jeonju."

Profesa akafungua karatasi. "Rekodi inaonyesha ulikuwa umetoka tangu asubuhi, Daktari Pyo. Labda umechoka. Unachanganya siku."

"Ndiyo nimechoka. Siku sichanganyi. Rekodi inasema uongo, na uongo huo nilifundishwa hapahapa, wiki yangu ya nne. Nimetumia majina ya wenzangu mara kumi na saba, nimeyaandika yote, tarehe na saa. Wenzangu wametumia langu. Profesa unajua. Wewe ndiye unayetupigia simu saa ambazo hatupo."

Mmoja wa pembeni akaniambia nichunge mdomo. Nikamwambia nimeuchunga siku tisini na tisa, leo ni ya mia.

Hapo mlango ukafunguliwa. Alikuwa Muuguzi Seo anamsukuma Mzee Bong kwenye kiti cha magurudumu, na dripu yake. Hakuna aliyewaalika. Muuguzi Seo akasema, "Niliuliza mara mbili. Aliyenijibu ni huyu hapa." Mzee Bong aliinua mkono wake wa kushoto juu, mbele yao wote, akauacha utetemeke. Ukatetemeka mpaka Profesa akaangalia dirishani.

Hukumu ni hii: jina la Doun limesafishwa. Mimi nimeondolewa kwenye mafunzo kuanzia siku ileile. Baraza la madaktari litaamua kama nitaruhusiwa kuanza upya mahali pengine. Saa za kazi, wamesema, "zitaangaliwa." Kwa hiyo nimepoteza nilichokuja kutafuta, na sikudanganyi kwamba hakiumi. Nililia kwenye ngazi za dharura na boksi langu.

Halafu nikagawa keki. Doun alikula nne. Kaka Gibeom alikataa, akapita.

Lakini hebu subiri. Jana, Jumamosi, nilipokwenda kuchukua vitu vyangu, mashine ilimfunga daktari wa mwaka wa kwanza pale wodini. Akasimama, akavua koti, akaja kukaa nami nje kwenye benchi. Kufika mchana walikuwa saba nje. Hakuna aliyeazima jina. Profesa Myeong alishuka mwenyewe akakaa kwenye kompyuta, akiandika dawa kwa vidole viwili, anauliza wauguzi herufi ziko wapi. Wa kumi na moja kutoka alikuwa Kaka Gibeom. Akakaa karibu yangu akaniuliza, "Ile keki, bado ipo?"

Kesho naanza kusimama getini na ubao. Sheria inaruhusu mtu mmoja kusimama peke yake bila kibali, basi nitasimama peke yangu, kila siku saa mbili mpaka saa sita. Nimeandika: MIMI NI PYO NARAE. SAA YA THELATHINI NA NNE NILIKUWA KAZINI. Nitasimama mpaka hizo saa ziangaliwe kweli.

Na baada ya hapo saa sita ninakwenda kulala, Mama. Usiku wa kuamkia leo nimelala saa kumi na tatu. Niliamka nikasikia simu ya mtu ikilia, na moyo haukuruka.

Mwanao Narae

*

Goheung, 19 Juni 2018

Narae mwanangu,

Marahaba. Jua la Seoul halikuunguzi hapo getini? Vaa kofia. Nimeweka moja humu, ni ile ya shambani yenye maua, usinibishie.

Jumatano Bwana Cheon alikuja na ngazi. Habari zilikuwa zimeshafika, hapa kwetu hata kuku wanajua. Akaniambia kwa heshima zote, "Mama Narae, unajua tena, bango linasema ameingia mafunzo ya upasuaji, na sasa, aah, si sahihi." Nikamwambia, "Kama kuna lisilo sahihi, tutasahihisha. Jina la mwanangu huligusi." Akasema bango ni la mtaa. Nikamwambia kamba ni zangu, nilimwazima Machi hajarudisha. Mwanamke wa mbolea akatoka dukani kwake na ufagio akasimama upande wangu, ameshika tu ule ufagio. Jioni nilimpelekea keki, nikamwomba radhi ya miaka ishirini na tano. Akasema, "Ah, ingia bwana, chai inapoa."

Baba yako alipanda ngazi na rangi nyeupe akayafuta maneno ya upasuaji yote. Kisha akaandika chini kwa mkono wake, herufi zimepinda lakini zinasomeka toka kituo cha basi. Sasa bango linasema: PYO NARAE, BINTI WA KINU CHA MCHELE CHA GIL MALSUN, ALIKUWA KAZINI.

Watu wanasimama wanauliza, maana yake nini? Anayeuliza nampeleka kinuni. Anayekuja kusagiwa mchele anasagiwa na habari, mwanzo mpaka mwisho, na kidole namwonyesha. Siku ya gulio nimeisimulia mara arobaini. Arobaini halisi, si nne. Samahani, baba yako amenikataza kuandika hilo lakini nimeandika.

Mwambie Mzee Bong namshukuru na namwomba radhi, na chombo chekundu ni chake. Kirefu ni cha mama yake Doun, umpe mwenyewe, upige magoti, na useme umetumwa na mwenzake. Vingine kumi na moja ni vya hao wa kwenye benchi, kila mmoja chake, nimeandika majina yao juu ya vifuniko kutoka kwenye orodha uliyonitumia. Kalamu haifutiki kwa maji, nimejaribu.

Cha kijani cha bibi yako ni chako wewe. Safari hii, mwanangu, vyombo usivirudishe.

Mama yako